Kabla Hamjauza Gitaa Mwende Kinshasa

Mama wa sono anajibu barua za bendi changa za Kolwezi na ukanda wa shaba

Mfuko wa barua umejaa. Zile zinazouliza jina zuri la bendi, rangi ya sare au namna ya kufungua ukurasa wa Facebook nimeziweka kando. Hayo mnayajua kuliko mimi. Nimechukua zilizonikera, na mbili tatu zilizonikosesha usingizi. Kwa asiyenijua: nakodisha vyombo vya sauti, sono kama tunavyosema huku, na nimezipangia bendi kazi kutoka Mutshatsha hadi Likasi. Sipigi ala yoyote, kwa hiyo msiniulize sebene, ile sehemu ya gitaa ya kucheza, inaanzia wapi.

“Mama, bantu beko banatuambia asema kama hatuimbe Lingala hatutafika fasi. Njo vile?” (Vijana wanne wa Musonoi, na wengine wengi)

Hapana, si vile. Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, na kwa kuwa nimechoka kuzijibu mlangoni nikiwa na nyaya mkononi, leo nazijibu mara moja kwa wote.

Kwanza muulizeni anayewaambia hayo yeye anapata nini mkienda. Mara nyingi ana shemeji mwenye studio Kinshasa, au ana tiketi ya ndege ya kuwauzia. Mimi sina ugomvi na Kinshasa. Rumba iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi Desemba 2021 ni yetu pia, na hakuna harusi ya Kolwezi inayokwisha bila sebene. Ugomvi wangu ni na kijana aliyezaliwa Dilala, anayegombana, anayetongoza na anayelia msibani kwa Kiswahili, lakini akishika mikro anageuka mtu wa Bandalungwa ya Kinshasa. Anaimba maneno ambayo mama yake mzazi hayaelewi, kisha anashangaa Kinshasa haimwoni. Itamwonaje? Wa namna yake wamejaa kule, na wao Lingala wameinyonya pamoja na maziwa.

Halafu mnasahau mmetoka wapi. Jean Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na Bunkeya leo imo ndani ya Lualaba yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, akamrekodi. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, Kiswahili cha huku. Wimbo wake, “Masanga”, ulitembea kuliko mwenyewe. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alikuwa Nairobi akitangaza vidonge vya Aspro kwa gitaa lake, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani. Edouard Masengo naye alifika Nairobi, akaimbia Coca-Cola. Sijasikia kwamba kuna aliyewauliza Lingala yao wameiacha wapi.

Fuateni njia hiyo hiyo ya mashariki. Baba Gaston, mtoto wa Likasi, alihamia Dar es Salaam na bendi yake mwaka 1971, halafu Nairobi mwaka 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya wanamuziki wake walijitoa wakaunda Les Mangelepa. Orchestra Maquis du Zaire ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa muongo huo, ikafanya makao. Waliimba Lingala pia, sikatai. Lakini sikilizeni redio za Kenya na Tanzania kila Desemba: wimbo wa Krismasi wa Baba Gaston ungali unapigwa, naye amekwisha kufa tangu 1997, na wimbo huo ni wa Kiswahili.

Mkisema hayo ni mambo ya wazee, haya basi: mwaka 2023 RJ Kanierra wa Lubumbashi alitoa “Tia”, kwa Kiswahili cha mitaani kwao, ukachezwa na watu wasioweza kuionyesha Lubumbashi kwenye ramani. Hawakungoja utafsiriwe. UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Nyinyi mnaupa kisogo umati huo ili mkapange foleni nyuma ya watoto wa Bandalungwa.

Na hata milioni 200 tuziache. Tazameni barabara. Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300, Fungurume na Likasi zikiwa njiani. Bendi inayopendwa katika miji hiyo minne ina mzunguko wa kazi wa mwaka mzima bila kupanda ndege. Ina malori ya madini ya kukwepa na peaji za kulipa, najua, ziandikeni kwenye bei. Lakini ni mzunguko mnaoweza kuumaliza kwa gari la kukodi na kurudi nyumbani Jumatatu mtu akaenda kazini.

Kitu cha kuogopa ni kingine: Kiswahili cha kuazima. Kuna bendi moja ilinipigia wimbo uliojaa “ewe muhibu” na “laazizi” kana kwamba Manika yetu hapa Kolwezi ina bandari. Acheni. Wimbo wenye “njo” na “fasi” ndani yake, wa mke anayemngoja mume aliyeshuka shimoni Kasulo tangu alfajiri, hakuna mtu wa Kinshasa wala wa Dar anayeweza kuwaandikia. Mkishajaza ukumbi Lubumbashi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, Kinshasa itawaita yenyewe, na tiketi italipwa na anayeita.

“Patroni alitununulia gitaa, kinanda na spika. Sasa anasema jina la bendi ni lake, nyimbo ni zake, na amemfukuza mwimbaji wetu. Ana haki?”

Barua tatu zinasema jambo moja, moja kutoka Likasi, mbili za hapa hapa Kolwezi. Nazijibu pamoja.

Juu ya vyombo alivyonunua, kama hamkuandikiana kitu, ana haki ya kuja na gari kuvichukua. Juu ya nyimbo, hana. Sheria ya haki za mwandishi ya nchi hii, ya tarehe 5 Aprili 1986, inampa haki aliyeutunga wimbo, na haki hiyo inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Kulipia studio hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Jina ndilo lenye matatizo, maana huku kwetu mwenye vyombo na mwenye baa wamezoea tangu zamani kwamba bendi ni mali yao. O.K. Jazz ya mwaka 1956 ilichukua jina lake kwenye baa ya Oscar Kashama, na hakuna aliyeona ajabu.

Mnaoanza leo, andikeni karatasi kabla ya kupokea hata waya mmoja. Isiwe na Kifaransa cha wakili kama hamna pesa ya wakili. Iwe na maneno yanayoeleweka. Iseme chombo kipi ni cha nani, na kwamba katika kila onyesho sehemu fulani ya malipo inakatwa mpaka bei ya vyombo iishe, siku hiyo vinakuwa vya bendi. Iseme jina ni la wanabendi waliotia saini hapo chini, wote, pamoja na mpiga tumba ambaye mnamsahau kila mara. Iseme anayeondoka anaondoka na nini. Nakala moja kwake, moja kwenu, moja kwa mtu mzima asiye na upande. Nyimbo ziandikisheni SOCODA, shirika la haki za waandishi lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, kila wimbo kwa jina la aliyeutunga kweli. Msiweke la kiongozi wa bendi kwa heshima. Heshima haigawanyi pesa vizuri.

Nyinyi ambao mmekwisha kunaswa: rudisheni vyombo. Vyote, kwa orodha, mbele ya shahidi, naye atie saini kwamba amevipokea vizima. Mkitunza hata waya mmoja mtaitwa wezi na mtamaliza mwaka mkijieleza polisi. Kisha tafuteni jina jingine, mpigeni simu mwimbaji aliyefukuzwa, na mwendelee na nyimbo zenu. Mangelepa walimwacha mwenye bendi, wakabaki na muziki. Vyombo vinakodishwa. Ndiyo, mimi ni mmoja wa wanaokodisha, najipigia debe kidogo.

“Tulienda kwa mganga ili bendi ipande. Anataka mbuzi wawili na nywele za mwimbaji.”

Uzeni mbuzi, nunueni nyuzi mpya za gitaa.

“Tunaita majina ya wakubwa ndani ya nyimbo, wanacheka, wanaahidi, hawalipi. Tuwadai namna gani?” (Fungurume)

Hamwezi kuwadai. Hakuna aliyewatuma.

Mabanga, huko kutaja jina la tajiri katikati ya wimbo ili atoe kitu, yamewalisha wanamuziki wakubwa wa Kinshasa, na vijana wetu wanadhani ndiyo kazi yenyewe. Nimewahi kupewa wimbo wa dakika sita wenye majina mengi kuliko maneno ya mapenzi: wanunuzi wa madini, wakubwa wa vyama vya wachimbaji, wenye kampuni ndogo za kazi za migodini, diwani, mkwe wa diwani. Mpenzi mwenyewe alitajwa mara moja tu.

Sikilizeni hesabu ya mji huu. Mkubwa wa Kolwezi anatoa pesa kobalti ikiwa juu. Machi 2018 tani moja ilikuwa karibu dola 95,000. Mwaka uliofuata ilishuka hata chini ya theluthi ya hapo. Wale waliokuwa wakitupa noti wakaanza kuingia harusini kupitia mlango wa jikoni. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ikasimamisha kusafirisha kobalti nje, na ilipofika Oktoba ikafungua kwa kipimo, kila kampuni na mgawo wake. Katika miezi hiyo nilifuta kazi nyingi kwenye daftari langu, na karibu zote zilikuwa za watu ambao majina yao yamo kwenye nyimbo zenu. Hamkuwa mmeandikiana nao chochote, hivyo hapakuwa na cha kuvunja. Sasa mna wimbo uliofungwa na jina la mtu aliyefilisika, na redio ya Lubumbashi haiupigi kwa sababu kule hakuna anayemjua.

Mkitaka pesa za wenye pesa, fanyeni kama wazee walivyofanya na Aspro. Tangazo ni kazi ya peke yake: wimbo mfupi, kwa ajili ya duka au kampuni ya simu, kwa karatasi inayosema utachezwa wapi na mpaka lini, mkilipwa kabla haujatoka. Wimbo wenu wa mapenzi uacheni na mapenzi yake. Siwazuii kumsalimia mtu jukwaani akiwa amekaa mbele yenu, hiyo ni adabu. Kwenye rekodi, hapana.

“Harusi tuombe bei gani?”

Kila mwezi swali hili, na kila mwezi mnataka niwape tarakimu moja. Sina. Kaeni chini na daftari. Andikeni gari la kwenda na la kurudi, kurudi kuwe saa tisa ya usiku ambapo dereva anaomba mara mbili. Andikeni kukodi sono, mafuta ya jenereta hata kama mwenye harusi ameapa kwamba umeme upo, chakula, nyuzi, ngozi ya dramu itakayopasuka. Andikeni ujira wa kila mtu, sawa kwa sawa au kwa namna mliyokubaliana mchana mkiwa hamjanywa. Ongezeni fungu la mfuko wa bendi. Jumla yake ndiyo bei yenu. Chini ya hapo mnamchangia bwana harusi.

Nusu ya pesa ishikwe kabla ya siku yenyewe. Avansi ya simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, ni nzuri kwa sababu inaacha ujumbe. Nusu ya pili ishikwe kabla ya sebene ya mwisho, si baada yake. Baada yake baba wa bibi harusi amelala na mjomba mwenye ufunguo wa pesa ameondoka.

Na matabishi, zile noti za kumtuza mwimbaji. Hapa niwaombe jambo moja dogo lenye pesa nyingi. Mtu anakuja akicheza, analowesha noti ya dola 20 kwa ulimi, anaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji. Mwimbaji anatoa jasho kama bomba. Noti inateleza, anaidaka kwa ngumi bila kuacha kuimba, anaisukuma mfukoni, anaikalia kwenye gari hadi Manika. Asubuhi ina mpasuko wa nusu kucha kwenye ukingo. Nani wa Kolwezi atapokea dola yenye mpasuko wa nusu kucha? Mwenye duka ataiinua juani, ataigeuza, ataisukuma kwenu kwa kidole kimoja. Mtaishia kuiuza kwa wabadilishaji wa barabarani kwa hasara, wao wakiwa na uso wa huruma. Wekeni mtu mmoja, mtulivu, asiyekunywa, mwenye boksi gumu. Noti ikibandikwa, yeye anapita anaitoa kwa vidole viwili na kuilaza bapa. Mwisho wa usiku boksi linafunguliwa mbele ya wote. Nimeona bendi nzuri nyingi zaidi zikivunjika kwa ajili ya mfuko wa suruali wa mwimbaji kuliko kwa ajili ya wanawake, ingawa kila mtu husingizia wanawake.

“Kuna kijana anatuuzia watazamaji laki moja wa YouTube kwa dola hamsini. Tulipe?”

Msilipe. YouTube inawafuta watazamaji wa bandia ikiwagundua, na ili video ianze kuwapa sehemu ya matangazo mnahitaji waliojiandikisha 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Saa, mnasikia? Mashine ya huyo kijana inafungua video na kuifunga. Wakati huo huo mwenye ukumbi wa Likasi anaona watazamaji laki moja na maoni matatu, mawili ya binamu zenu, anajua kwamba nyinyi ni waongo kabla hamjamsalimia.

Hizo dola hamsini lipeni kijana mwenye simu nzuri asimame mbele ya jukwaa, awachukue watu wakicheza. Watu, narudia. Mpiga gitaa peke yake tumemwona vya kutosha. Kata kipande kifupi, kipeleke kwenye WhatsApp za vikundi vya mtaa, vya kwaya, vya wafanyakazi wa zamu. Kazi nyingi ninazopanga hapa zinaanza na mtu kunionyesha kipande cha namna hiyo, akiuliza: hawa ni nani?

“Umeme unakatika kila mazoezi. Na jenereta imetuunguzia kinanda.”

Tunaishi karibu na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, yote ya miaka ya 1950, na tunafanya mazoezi gizani. Migodi inakula kwanza. Sitawapa hotuba, mnaujua mji wenu.

Fanyeni mazoezi makavu. Gitaa kavu, viti kwa vijiti, sauti bila mikro. Bendi inayosikika vizuri hivyo ndiyo itakayosikika vizuri kwenye spika, na ile inayojificha nyuma ya mwangwi wa mashine itajulikana hapo hapo. Siku yenye umeme mtaitumia kupanga sauti, si kujifunza maneno.

Kinanda kiliungua kwa sababu jenereta ndogo hupanda na kushuka, na mwenye baa alichomeka friji yake kwenye waya ule ule. Friji ikiwaka, umeme unayumba, kinanda kinakufa. Dai waya wa peke yake, weka kirekebisha umeme, washa amplifaya mwisho kabisa na uizime kwanza kabisa. Na waimbaji, nawasihi kwa jina la Mungu, acheni kuifunika mikro kwa kiganja. Mnadhani ni mtindo. Ndiyo maana inalia.

“Mbona sono yako haivumi kama ya wengine?”

Kwa sababu sikio la mtu kwenye desibeli 100 lina kama robo saa tu kabla ya kuanza kuumia, na harusi ni ya usiku kucha. Wengine waulizeni wanavyosikia leo.

“Lazima tupeleke nyimbo kwa tume ya ukaguzi? Na watu wanaokuja na karatasi wakidai kodi ya muziki ni wa kweli?”

Nyimbo na video zinatakiwa kupita kwenye tume kabla ya kutangazwa, kwa amri ya mwaka 1996. Wengi walikuwa wameisahau mpaka Novemba 2021, wimbo wa kikundi cha MPR cha Kinshasa ulipopigwa marufuku, nchi nzima ikaufuata kwa hamu, na kesho yake ukaruhusiwa. Ukitaka amani, peleka wimbo wako, tunza karatasi.

Kuhusu wanaokuja: wengine ni wa kweli, wengine wamepiga muhuri sokoni. Hamna haja ya kubahatisha. Muulize barua ya kutumwa kazi yenye jina lake, tazama kitambulisho, na usilipe chochote kisicho na risiti yenye namba. Wa kweli hakasiriki. Anayekasirika mpe kiti, mwambie unampigia mkubwa wake wa ofisi aje mzungumze wote. Utaona kiti kitakavyobaki kitupu.

“Mwenye baa anasema mwimbaji wetu wa kike lazima akae na wateja baada ya kuimba, ndiyo masharti ya kazi.” (barua mbili, moja ya mwimbaji mwenyewe)

Binti yangu, kwanza kwako: hiyo si kazi ya mwimbaji, na haijawahi kuwa. Hukosi heshima ukikataa, wala hujionyeshi.

Sasa kwa wanaume wa bendi hiyo, maana barua ya pili ni yenu na mmeandika kwamba “mnaogopa kupoteza nafasi”. Nafasi gani? Mnamtoa mwenzenu kama nyongeza ya bia ili nyinyi mpige Ijumaa mbili kwa mwezi? Jibu kwa mwenye baa linatolewa na kiongozi wa bendi, mchana, wote mkiwapo, kabla ya kubeba vyombo: bendi inapiga kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, ikimaliza inaondoka pamoja. Akikataa, hamuendi. Akikubali halafu akamtuma mhudumu jukwaani na ujumbe wa meza fulani, mnafunga vyombo.

Yafuatayo sijadili na bendi yoyote ninayoipangia kazi. Chumba cha kubadilishia nguo chenye kitasa, hata kama ni stoo ya kreti. Gari la kumrudisha mwimbaji hadi mlangoni kwao, limelipwa kabla ya wimbo wa mwisho, dereva akijulikana kwa jina. Kinywaji chake anakifungua mwenyewe. Ujira wake anapewa mkononi mwake, si kwa kaka yake, si kwa “mchumba” aliyejitokeza wiki jana. Na kama wazazi wake wana wasiwasi, kiongozi wa bendi aende akae nao sebuleni, azungumze kama mzazi mbele ya wazazi. Bendi kadhaa za mji huu zimepoteza sauti zao bora kwa sababu hakuna aliyejisumbua kwenda kunywa chai na wazazi.

“Kuna mtu anatupangia ziara ya Ulaya, anataka tuongeze wachezaji wanane tusiowajua.”

Hao si wachezaji, ni watu wa kuvushwa Ulaya kwa jina lenu. Papa Wemba, pamoja na ukubwa wake, alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 kwa mambo ya namna hiyo na mwaka uliofuata akahukumiwa. Nyinyi hata wakili hamna.

“Mpiga dramu wetu anachimba. Anachelewa mazoezini, au analala kwenye ngoma. Tumbadilishe?”

Mmewahi kumwuliza anatoka saa ngapi shimoni? Hamisheni mazoezi yafuate saa zake, wala hamtakufa. Mpeni fungu lake siku ile ile ya kazi, asingoje Jumamosi, kwa sababu anaingia chini kutafuta pesa ya leo. Mpeni maji na saa moja ya kulala kabla ya kuanza. Akiwa anakohoa, apelekwe hospitali kwa pesa ya mfuko wa bendi. Vumbi la huko si la kuchezea. Mkishafanya hayo yote na bado hataki kuja, hapo tutazungumza juu ya mwingine. Ila wapiga dramu wenye mkono kama mlivyoueleza ni wachache, na mmeandika kurasa mbili kumlalamikia na mstari mmoja tu kusema kwamba watu wakimsikia wanainuka vitini.

“Tunapiga baa Jumamosi na kanisani Jumapili. Pasta amejua.”

Barua nne, makanisa manne. Ongeeni na pasta, si na mimi.

“Nyota kutoka Kinshasa anakuja. Waandaaji wanasema tunaweza kumfungulia jukwaa, lakini tulipe dola mia mbili.”

Hakuna bendi inayolipa ili ifanye kazi. Wajibuni kwa maneno hayo hayo, kwa adabu, kwa maandishi.

Wakikubali bila malipo kutoka upande wowote, hapo mfikirie. Ulizeni mtapanda saa ngapi, maana “kufungua” kunaweza kuwa saa kumi na moja jioni mbele ya polisi na wauza maji. Ulizeni kama jina lenu litakuwa kwenye bango, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Ulizeni nani anashika meza ya sauti wakati wenu; fundi wa mgeni huwashushia wenyeji sauti ili bosi wake aonekane amekuja na radi, nimesimama nyuma ya meza hizo nikaona kidole kinavyoteremka. Dai kupima sauti kabla milango haijafunguliwa, na mtu wenu asimame kando ya fundi huyo mpaka mmalize. Nyimbo tatu, zote zenu, zote za Kiswahili. Wakikataa kuwaruhusu mpime sauti, msiende.